Japchae: Mboga Zilizokaribisha Tambi

Katika maakuli ya Korea mna chakula kiitwacho japchae, ambacho mgeni akikiona mezani mara ya kwanza, tambi zake zikimeremeta kwa mafuta ya ufuta na kupenyeza nuru kama bilauri, hukihesabu papo hapo kuwa chakula cha tambi. Na akirejea kwake na dhana hiyo, akapika tambi kwa wingi na mboga akazitia kiasi cha pambo, huwa amekwisha kukiharibu kabla hajawasha moto. Jina lenyewe lingetosha kumzindua, kwa maana jap ni kuchanganya na chae ni mboga, na tambi hazitajwi.

Hazitajwi kwa sababu hazikuwamo. Zama za mfalme Gwanghaegun, aliyetawala tangu mwaka 1608 hata alipoondolewa kitini mwaka 1623, alikuwako mkuu mmoja, Yi Chung, ambaye mapishi yake yalimpendeza mfalme kiasi cha watu kusema kuwa uwaziri aliupata kwa japchae. Na japchae ile ilikuwa ya mboga na uyoga. Tambi za wanga, ziitwazo dangmyeon, zilitoka China, na zilienea baada ya kiwanda kufunguliwa mjini Sariwon mwaka 1919.

Tambi hizi si ndugu wa zile za ngano ambazo watu wa pwani yetu huzikaanga na kuzitia sukari na iliki. Hufanywa kwa wanga mtupu wa viazi vitamu, na wanga hauna ile protini ya ngano inayoshika donge lisikatike. Nguvu yake yatoka katika maji na moto. Chembe zake zikipata maji ya moto hunywa, hufura na kulegea, kisha zikipoa hushikana upya, na katika kushikana huko ndimo ulimo ule mvutiko upendwao mno na Wakorea, ambao jino huuhisi ukikataa kidogo kabla ya kukubali. Kwa hiyo gramu 200, zitoshazo watu wanne, ziroweshwe nusu saa, zichemshwe dakika 6 au 7, zisuuzwe kwa maji baridi zisigandamane, na zikatwe kwa makasi mara mbili tatu. Kisha zitiwe vijiko 3 vya sosi ya soya, kimoja na nusu cha sukari na kimoja cha mafuta ya ufuta, zikaangwe hata rangi iziingie.

Lakini moyo wa kazi u katika mboga, na hapa namsihi msomaji asifanye haraka. Kila mboga hupikwa peke yake. Kitunguu kina maji mengi, karoti ni ngumu, uyoga hunyonya mafuta, na vyote vikitiwa kikaangoni pamoja, maji ya kimoja huvichemsha vingine, vikatokoseka badala ya kukaangika, na ladha zao zikawa moja. Kitunguu hutangulia kwa kuwa hakichafui kikaango, karoti hufuata, uyoga mkavu ulioroweshwa, na nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba na kutiwa sosi, huja mwisho. Spinachi haikaangwi: hutumbukizwa katika maji yachemkayo kwa muda usiofika dakika moja, hupozwa, kisha hukamuliwa kwa nguvu, kwa maana maji yakibaki ndani yake yatazimua viungo vyote. Yai nalo hutengwa, ute mbali na kiini mbali, kila kimoja kikakaangwa chembamba kama karatasi na kukatwa nyuzi. Hivyo sinia hupata weupe, manjano, wekundu, kijani na weusi, nazo ndizo rangi tano ambazo Wakorea tangu kale wameziambatanisha na pande nne za dunia na kati yake.

Mwisho vyote hukutana katika bakuli pana, navyo huchanganywa kwa mkono, ambao hutenganisha nyuzi bila ya kuzikata. Aghalabu huandaliwa siku za taadhima, kama vile arusi, mwaka mpya, au mzee anapotimiza miaka 60. Kikibaki hata kesho yake tambi hukakamaa, lakini kisitupwe: kikirudishwa kikaangoni na vijiko viwili vya maji, wanga hulainika tena, na Wakorea hukimimina juu ya wali wa moto wakala kwa kijiko.