Dola moja ni faranga ngapi? Kwa nini bei inabadilika, na wewe ufanye nini

Je, unatumiwa pesa na ndugu aliye nje? Au unajiandaa kurudi Burundi na akiba yako ya shilingi? Basi bei ya dola inakuhusu. Bei hiyo inategemea sana akiba ya fedha za kigeni ya nchi.

Akiba hiyo ni nini?

Ni dola, yuro na dhahabu zinazotunzwa na benki kuu. Mafuta, mbolea na dawa kutoka nje hazinunuliwi kwa faranga, zinahitaji dola. Burundi hupata dola kwa kuuza kahawa, chai na dhahabu, na kupitia misaada. Akiba hupimwa kwa miezi: zikiacha kuingia dola mpya leo, nchi itaendelea kununua bidhaa za nje kwa miezi mingapi? Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka lengo la miezi 4.5. Akiba ya Burundi imekuwa chini sana ya hapo kwa miaka mingi.

Inahusianaje na bei?

Watu wengi wakitafuta dola, benki kuu huuza sehemu ya akiba yake ili bei isipande ghafla. Akiba ikiisha, haina cha kuuza. Bei rasmi inabaki kwenye ubao, lakini ukienda benki huzipati dola kwa bei hiyo. Wafanyabiashara hugeukia soko la mtaani, ambako dola ni ghali zaidi.

Ndivyo ilivyotokea Burundi. Baada ya mgogoro wa 2015, Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali mwaka 2016, na uliurejesha 2022. Mwezi wa pili 2020 maduka ya kubadilisha fedha yalifungwa, lakini soko la mtaani halikufa. Mwezi wa tano 2023 benki kuu ilishusha faranga: dola moja ilitoka karibu faranga 2,090 hadi zaidi ya 2,800.

Ina maana gani kwako?

Tuseme bei rasmi ni 3,000 na ya mtaani ni 6,000. Dola 100 zikilipwa kwa bei rasmi ni faranga 300,000. Lakini sabuni na mafuta sokoni vimeshapangiwa bei kwa dola ya 6,000. Pesa yako inanunua nusu tu.

Kwa hiyo:

- Kabla ya kutumiwa pesa, uliza utalipwa kwa bei gani, na kwa fedha gani.
- Usibadilishe akiba yote siku moja. Badilisha unachohitaji.
- Usibadilishe na mtu asiye na leseni. Ni kosa kisheria, na ukipewa noti bandia hutakuwa na pa kulalamika.
- Ukiuliza bei ya dola, uliza pia bei ya mchele na maharage kule unakokwenda. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha thamani halisi ya pesa yako.