Askari wa Baiskeli katika Mabonde ya Montana

Katika jimbo la Montana, kaskazini-magharibi ya Marekani, yako mabonde marefu yaliyozungukwa na milima na kufunikwa na misitu ya misonobari, ambamo msafiri wa baiskeli aweza kwenda saa nyingi asikutane na gari hata moja. Njia zake nyingi ni za udongo na changarawe, zilizochongwa kwa ajili ya wakata mbao na walinzi wa misitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, chama cha waendesha baiskeli chenye makao yake katika mji wa Missoula, Adventure Cycling Association, kilitoa ramani ya safari inayofuata mgongo wa Milima ya Rocky, tangu mpaka wa Kanada hadi ule wa Meksiko. Tangu wakati huo watu wa mataifa mengi hufunga safari kwenda huko kujipima nguvu zao.

Miaka 100 kabla ya ramani hiyo, mabonde ya jirani yalikwisha kupitwa na watu wenye baiskeli zilizosheheni mizigo, chakula na bunduki. Hao hawakuwa watalii. Walikuwa askari wa Rejimenti ya 25 ya askari wa miguu, mojawapo ya rejimenti za Wamarekani weusi zilizoongozwa na maofisa weupe, nao walikuwa na kambi yao Fort Missoula, nje kidogo ya mji huo.

Mwaka 1896 Luteni James A. Moss, kijana aliyehitimu chuo cha kijeshi cha West Point miaka miwili kabla, aliomba ruhusa ya kuunda kitengo cha baiskeli. Majeshi ya Ulaya yalikwisha kuitumia baiskeli kwa kupeleka barua na kwa upelelezi, lakini katika nchi zenye barabara njema. Moss alitaka kujua kama chombo hicho kingefaa mahali pasipo na barabara ya kusifika. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: baiskeli haili nyasi, haipigi kelele, haitimui vumbi jingi, na aweza mtu kuilaza majanini isionekane. Jenerali Nelson A. Miles, mkuu wa jeshi, alikubali.

Askari wanane walichaguliwa. Miongoni mwao alikuwamo John Findley, mtu aliyeijua baiskeli kwa ndani na nje, na yeye ndiye aliyekuwa fundi wa kitengo. Kabla ya kuondoka walifunzwa kwenda kwa safu, kuvuka mito, na hata kupanda ua wenye kimo cha futi 9 pamoja na baiskeli zao. Kila mmoja alifunga blanketi na nusu ya hema kwenye usukani, akatia chakula katika mkoba mgumu uliokaa ndani ya fremu, akabeba na bunduki yake. Baiskeli zenyewe zilitengenezwa na kampuni ya Spalding, nazo zilikuwa na gia moja tu. Msomaji aliyepata kuiona baiskeli yenye shehena ya ndizi ikisukumwa katika vilima vya Kigezi hatahitaji kuelezwa maana ya gia moja na mzigo mzito mlimani.

Tarehe 6 Agosti 1896 walitoka kambini kuelekea Ziwa McDonald, chini ya Milima ya Mission, kaskazini mwa Missoula. Safari ya kwenda na kurudi ilikuwa maili 126, yaani kilomita 203, nayo ilichukua siku nne. Mvua iliwanyeshea, udongo ukageuka tope la kunata, magurudumu yakakataa kuzunguka. Penye tope waliteremka wakasukuma. Penye vijito walipitisha mti katika baiskeli, askari wawili wakautia mabegani, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakavuka maji hali wameining'iniza baina yao.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha habari yote hii. Baiskeli ni chombo cha mtu mmoja. Kimeundwa kwa miguu miwili na makalio ya mtu mmoja. Lakini katika bonde la msitu, mtu mmoja hafiki mbali. Tairi likitoboka, mwingine hushika taa. Mto ukifurika, wawili hubeba chombo cha mmoja. Mgonjwa akibaki nyuma, lazima awepo wa kumsubiri. Moss alikwenda kupima uwezo wa chombo, na taarifa zake zimejaa maili, ratili na saa; lakini ukizisoma kwa makini utaona kuwa kilichopimwa ni watu.

Siku chache baadaye, tarehe 15 Agosti, waliondoka tena, safari hii kwenda katika mbuga ya taifa ya Yellowstone, ambayo wakati huo ilikuwa ikilindwa na jeshi. Kwenda, kuzunguka mbuga na kurudi kulikuwa karibu maili 800. Iko picha mashuhuri iliyopigwa huko: askari wamesimama na baiskeli zao juu ya ngazi nyeupe za mawe ya chokaa zinazoitwa Minerva Terrace, wametulia kama watu waliokuja kwa gari moshi.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1897. Tarehe 14 Juni, askari 20 wakiongozwa na Moss, pamoja na daktari mmoja wa jeshi na mwandishi mmoja wa gazeti mwenye umri wa miaka 19, waliondoka Fort Missoula kwenda mji wa St. Louis, mwendo wa maili 1,900, yaani zaidi ya kilomita 3,000. Aliyewasimamia askari chini ya Moss alikuwa Mingo Sanders, mtu mzima kuliko wengi wao, ambaye jicho lake moja liliharibiwa na mlipuko.

Siku za kwanza zilikuwa za milima. Magharibi ya mji wa Helena walivuka mgongo wa Rocky kwa njia ya Mullan Pass katika theluji, ingawa ulikuwa mwezi wa Juni. Katika mchanga wa Nebraska walilazimika kuiacha barabara na kufuata reli, wakigongwa na kila taruma, na maji machafu yakawaugua matumbo baadhi yao. Hata hivyo, tarehe 24 Julai waliingia St. Louis, wakalakiwa na umati mkubwa. Moss aliandika kuwa safari ilitumia nusu ya muda na theluthi ya gharama ambayo askari wa miguu au wa farasi wangehitaji. Makao makuu hayakushawishika. Askari walirudishwa Missoula kwa gari moshi, na mwaka uliofuata vita na Hispania viliwapeleka Cuba.

Anayepita leo katika Bonde la Swan, upande wa mashariki wa Milima ile ile ya Mission, ana gia nyingi na matairi mapana, lakini mlima haukupungua kimo. Theluji huweza kukaa katika vipito vya juu hadi mwezi wa Juni. Maduka yako mbalimbali, basi hubidi kubeba chakula cha siku kadhaa. Na usiku chakula hicho hutundikwa juu ya mti, mbali na hema, kwa sababu dubu wa huko ana pua kali na hana adabu. Msafiri hufunga kiunoni kopo la pilipili ya kumpulizia. Wasiotaka mateso hayo wanayo njia nyingine, kwenye mpaka wa Montana na Idaho: reli iliyoachwa mwaka 1980 ikafunguliwa kwa baiskeli mwaka 1998, maili 15 za mteremko wa taratibu, zenye madaraja marefu na handaki la giza la karibu kilomita 2.7. Taa ni lazima.

Kambi ya Fort Missoula sasa ina jumba la makumbusho, na habari za askari wale huelezwa humo. Lakini Mingo Sanders hakuipata heshima hiyo akiwa hai. Mwezi wa Agosti 1906, rejimenti ilipokuwa Brownsville katika jimbo la Texas, risasi zilifyatuliwa mjini usiku, mtu mmoja akafa na ofisa wa polisi akajeruhiwa. Lawama ziliangushwa juu ya askari weusi. Hapakuwa na ushahidi wa kutosha kumtia hatiani hata mmoja, wala kesi haikufunguliwa. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza jeshini 167 kwa pamoja, bila heshima na bila pensheni. Sanders, aliyekuwa ametumikia zaidi ya miaka 25 na kukaribia kustaafu, alikuwa mmojawapo. Aliomba arudishwe, akakataliwa.

Mwaka 1972 jeshi la Marekani lilitangaza kuwa askari hao hawakuwa na hatia, likabadili hati zao ziwe za heshima. Sanders alikuwa amefariki tangu mwaka 1929.