Bei Haianguki Yenyewe

"Bei ya kahawa imeanguka." Sentensi hii si ngeni masikioni mwa mkulima wa Mosocho na Gusii nzima, na yeyote asomeshaye sarufi yafaa aitazame kwa makini. Kitenzi "anguka" hakimtaji mtenda. Bei yaonekana kuanguka yenyewe mithili ya embe bivu, wala hapana wa kuulizwa.

Ilivyo kweli ni kwamba mnamo Julai 1989, nchi zilizouza kahawa na zile zilizoinunua, zote wanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, zilishindwa kuafikiana mjini London kuhusu migao ya mauzo. Migao hiyo iliyozuia kahawa kufurika sokoni ikasimamishwa, na bei ikaporomoka. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Mwezi wa Disemba mwaka uo huo, serikali ya Kenya, ikishinikizwa na wakopeshaji wa kimataifa, ilianzisha ada za matibabu katika hospitali na vituo vya afya vya umma. Baadhi ya ada hizo zilisitishwa mwaka wa 1990, kisha zikarejeshwa. Hivyo mzazi aliyetegemea kahawa alipungukiwa na fedha wakati ule ule alipotakiwa kumlipia mwanawe matibabu. Nayo malaria, ambayo huzuka kwa milipuko katika nyanda za juu za Kisii, haingojei malipo ya chama cha ushirika.

Hatusemi kwamba biashara ni adui. Chanjo na dawa nyingi hutufikia kwa biashara iyo hiyo, na kahawa imewasomesha wengi wetu. Kosa ni kuifungamanisha afya ya mtoto na bei ambayo mzazi wake hana sauti juu yake. Fungamano hilo laweza kulegezwa: mwaka wa 2004 watoto wa chini ya miaka mitano waliondolewa ada katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, na mwaka wa 2013 ada za huko zikafutwa kwa wote.

Basi, walimu wenzangu, tufundishapo kauli za vitenzi, tuwaulize wanafunzi: je, bei imeanguka au imeangushwa? Kauli ya kutendwa huacha nafasi ya mtenda, na mtenda akijulikana, huweza kuulizwa.