Malkia wa makala: ba-Miss wa watu wa migodi

Affiche ya concours ya Miss ikibandikwa mu muji, ikuwe Kolwezi, ikuwe Likasi, ugomvi unaanza mu parcelle. Binti ameisha kuomba mama ruhusa. Mama anaogopa baba. Baba ametoka ku poste ya usiku, macho mekundu, anasikia neno « Miss » na anafikiri mambo matatu mara moja: nguo fupi, wanaume wenye makuta wanaokaa viti vya mbele, na midomo ya majirani. Anakataa. Binti analia. Kisha siku ya concours yenyewe, baba yule yule anakaa mbele ya televizyo na kupiga kelele kwamba jury haijui kuchagua.

Tusimucheke, juu sisi wote tuko hivyo. Ba-Miss tunawapigia makofi usiku, na asubuhi tunawasema vibaya. Mu teatre zetu na mu filme, Miss ni mutoto wa majivuno, hajui hata kusonga bukari, anafuata mukubwa mwenye gari, na mwishoni anapata aibu ili watu wacheke. Wazungu nao wanafanya vile vile. Mu filme ya Marekani Miss Congeniality, ya mwaka 2000, mwanamuke polisi anaingizwa mu concours kwa siri, na kicheko kinatoka ku namna anavyoshindwa kutembea na viatu virefu. Filme ni tamu, siwezi kukatala. Lakini binti wa mufanyakazi, mwenye kutafuta njia na uso wake na akili yake, ni mara chache anaonyeshwa.

Wazee wanakumbuka mwaka 1985. Ku Miami, mu Marekani, Benita Mureka Tete, Miss wa Zaïre, alichukua nafasi ya tatu mu Miss Univers. Nafasi ya tatu mu dunia nzima! Lakini angalia: hapa kwetu, tangu miaka ya 1970, suruali na nguo fupi zilikatazwa kwa bamama juu ya authenticité. Mwanamuke wa heshima, ni kikwembe. Kule Miami kulikuwa saa ya kuvaa nguo ya kuogelea. Kitu kilichokatazwa mu barabara ya nyumbani kilikuwa heshima ya inchi kikifanywa ng'ambo.

Sasa kuna jambo moja ambalo baba yetu wa poste ya usiku pengine hajalisikia. Concours hizi hazikufanywa na watu wa hoteli na wa bière peke yao. Wachimbaji wenyewe walizifanya, kwa mabinti wao wenyewe.

Mu jimbo la Pennsylvania, Marekani, kuna muji mudogo unaoitwa Carmichaels. Watu wa pale wanachimba makala ya mawe, sawa yale yaliyochimbwa zamani kwetu ku Luena. Tangu miaka ya 1950 wanafanya sikukuu ya makala mu mwezi wa nane, na mu sikukuu hiyo wanachagua malkia wa makala kati ya wasichana wa masomo ya sekondari ya karibu. Si muji usiojua kilio. Tarehe 6 mwezi wa 12 mwaka 1962, mugodi wa Robena, karibu na pale, ulilipuka chini ya udongo na watu 37 wakakufa. Mutu aliyeishi mu kambi anajua maana ya hesabu hiyo: ni barabara nzima ya manyumba yenye matanga. Mwaka 2005 filme ilitoka juu ya concours yao, jina lake The Bituminous Coal Queens of Pennsylvania.

Uingereza nao walikuwa na malkia wa makala. Kila mugodi ulichagua wake, kisha jimbo, kisha inchi nzima. Walioingia ni mabinti na mabibi wa wachimbaji, ao wanawake wenyewe wa kazi: wale wa bureau, wale wa jikoni ya kampuni. Mu sikukuu ya syndicat, malkia alipita mbele ya watu pamoja na fanfare na bendera za wafanyakazi. Baba hakuona haya, juu kila mutu kati ya wale waliopiga makofi alikuwa anajua jina la baba yake na shimo analochimba. Hii njo tofauti kubwa na ya kwetu, ninaona mimi.

Lakini tusiwasifu mbio. Kwa wale Waingereza, taji ilikuja nyuma ya mulango uliofungwa. Zamani wanawake na watoto walishuka chini kule, wakivuta mikokoteni ya makala kwa munyororo kiunoni. Mwaka 1838, ku Silkstone, maji yaliingia mu mugodi na watoto 26 wakakufa, 11 kati yao wasichana. Mwaka 1842 sheria ikakataza mwanamuke yeyote kushuka. Ilikuwa huruma, ni kweli, na ilikuwa pia mushahara uliopotea mu nyumba nyingi. Wanawake wakabakia juu, wakichagua mawe kutoka mu makala, wamevaa suruali chini ya nguo. Na mabwana wa muji wakanunua picha zao, juu waliona ni ajabu mwanamuke kuvaa suruali! Mwaka 1887, wakubwa walipotaka kuwakataza hata kazi ile ya juu, wanawake hao walikwenda mpaka London kujitetea.

Uniambie kama hiyo haifanani na ya kwetu. Mu carrière zetu za ba-creuseur wengi wanaamini kwamba mwanamuke akifika ku shimo, madini yanakimbia. Basi anabaki ku maji. Anaosha mawe tangu asubuhi, mugongo umeinama, mutoto ku mugongo ule ule. Anaponda, anachambua, anabeba mifuko, anauza chakula. Shimo linamukataa, lakini bila mikono yake madini haifiki safi kwa munegocian. Ku affiche ya Miss, yeye hayuko.

Mwaka 1984 kule Uingereza serikali ilitaka kufunga migodi, na wachimbaji wakagoma, mwaka mzima, mpaka mwezi wa tatu 1985. Njaa iliingia mu manyumba. Wanawake walifungua majiko ya kulisha watu wote, wakakusanya makuta, wakasimama ku milango ya migodi mbele ya polisi. Mu mwezi wa tano 1984 walitembea maelfu mu muji wa Barnsley. Wengi walikuwa wa zile nyumba zilizotoa bamalkia. Hapo waliomba watu wasikilize maneno yao, uso uliachwa kando. Mugomo ulishindwa, migodi ikafungwa moja kwa moja, na ule wa chini sana wa mwisho, Kellingley, ulifungwa mwezi wa 12 mwaka 2015. Concours ya malkia wa makala ilikuwa imeisha kufa miaka mingi mbele.

Basi baba, kabla ya kusema hapana, uliza. Nani ameanzisha concours na nani anaweka makuta? Binti anatiishwa mukono ku mukataba gani, na mukataba huo mama amesomewa? Répétition inaisha saa ngapi, na nani anamurudisha nyumbani? Kama anashinda, atafanya kazi gani mu mwaka wa taji, na masomo yake je? Zawadi iliyotangazwa iko tayari, ao itatafutwa kisha? Mutu akikasirika juu ya maswali hayo, umeisha kupata jibu. Akijibu vizuri, fanya sawa wale wa Uingereza: nenda na shangazi na majirani, mukae viti vya mbele ninyi, kabla wengine hawajavichukua.