Foleni na hesabu ya baiskeli

Sisi wa Dar es Salaam tunaamini dawa ya foleni ni kupanua barabara. Hebu tupige hesabu. Wataalamu wa usafiri hukadiria kuwa njia ya mjini yenye upana wa mita 3.5 hupitisha watu 2,000 kwa saa wakiwa ndani ya magari madogo. Wakipanda baiskeli, 14,000. Gari hubeba mtu mmoja, mara nyingi bosi na gazeti lake.

Fedha je? Mwaka 2016 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilizishauri serikali zitenge angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Mwaka huo huo mabasi ya mwendokasi yalianza Barabara ya Morogoro, ambako njia za baiskeli zilijengwa kandokando. Nazipita mara kwa mara: hapa pikipiki zimeegeshwa, pale meza ya machungwa. Fundi seremala aendaye Kariakoo na baiskeli yake anarudi katikati ya magari. Kujenga kulilipiwa. Fungu la kuzilinda, na kuziunganisha na mitaa ya Manzese na Magomeni, liko kwa nani?