Kutoka Kibera hadi Wilson: Kujiandaa kwa Mahojiano ya Urubani

Mahojiano ya kazi ya urubani katika kampuni za ndege za kanda huwa na hatua kadhaa: ukaguzi wa stakabadhi, mtihani wa kuandika, zoezi ndani ya simuleta na kikao mbele ya jopo la marubani wakongwe na afisa wa wafanyakazi. Kampuni hizi ndizo zinazobeba abiria wa safari fupi ndani ya Kenya na nchi jirani. Safarilink na AirKenya zina makao Uwanja wa Wilson, Nairobi, na ndege zao huenda Maasai Mara, Lamu na Diani. Jambojet, iliyoanza safari mwaka 2014, huruka kutoka Uwanja wa Jomo Kenyatta kwa ndege aina ya Dash 8-400.

Wilson uko ng'ambo ya barabara ya Langata ukitokea Kibera, mwendo wa miguu tu kutoka sehemu yake ya Laini Saba. Jina lake ni la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Ndege zinazopaa na kutua hapo husikika Kibera mchana kutwa, na kijana aliyekulia chini ya ngurumo hizo huweza kutambua ndege aina ya Cessna Caravan kwa mlio wake kabla hajaiona. Kikwazo kikubwa kwake ni pesa. Mafunzo ya leseni ya biashara hugharimu mamilioni ya shilingi, na wengi wa waliofika huko kutoka mitaa kama Kibera au Kawangware wamebebwa na michango, mikopo na wafadhili. Lakini maandalizi ya mahojiano yenyewe hayahitaji pesa za aina hiyo. Sehemu kubwa yake hufanyika kwa daftari, simu na wenzake wawili watatu wa kusomea pamoja.

Kazi ya kwanza ni makaratasi. Jopo hutaka leseni ya biashara iliyotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA, idhini ya kuruka kwa vyombo, idhini ya ndege yenye injini zaidi ya moja, cheti cha afya cha daraja la kwanza, cheti cha lugha na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Kitabu cha saa za kuruka hukaguliwa ukurasa kwa ukurasa. Jumla zisizolingana au tarehe zinazogongana hufunga mlango papo hapo, na saa za kuandikwa kwa kalamu tu, bila ndege kuruka, hugundulika kwa maswali mepesi: ndege ilikuwa na nambari gani, hali ya hewa ilikuwaje, mwalimu alikuwa nani. Kwa hiyo mwombaji huhitaji kukisoma kitabu chake upya na kuikumbuka kila safari ngumu iliyomo. Mwenye saa 200 na ushei hushindana na walioongeza saa zao kwa kufundisha au kwa kubeba misaada Sudan Kusini na miraa Somalia. Anachoweza kuwazidi nacho ni usahihi.

Maswali ya kiufundi huanza na mambo ya darasani, kisha yakageuka kuwa ya hapa nyumbani. Swali linalopendwa ni la joto na mwinuko. Wilson uko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Kwa hewa ya kawaida, joto la mahali pa mwinuko huo lingekuwa nyuzi 4 hivi, kwa kuwa nyuzi 15 za usawa wa bahari hupungua nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Alasiri ya Februari kipimajoto kikisoma nyuzi 28, tofauti ni nyuzi 24. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuongeza futi 120, yaani takriban futi 2,900 kwa jumla. Shinikizo likiwa la kawaida, ndege itafanya kazi kana kwamba iko karibu futi 8,400: mabawa hupata hewa nyepesi, injini hupungua nguvu, na mbio za kupaa hurefuka. Anayetoa jibu la namba pekee amefika nusu ya njia. Jopo linasubiri aseme angefanya nini: apunguze mzigo, aondoke asubuhi na mapema, au apige hesabu ya njia ya kurukia upya kabla ya kuwasha injini.

Taarifa ya hali ya hewa husomwa kwa namna hiyo hiyo. Mwombaji anaweza kupewa mstari kama huu: HKNW 120600Z 06008KT 9999 BKN018 18/14 Q1023. HKNW ni Wilson. Tarehe ni 12, saa 06:00 kwa saa za dunia, ambayo Nairobi ni saa tatu asubuhi. Upepo unatoka nyuzi 060 kwa noti 8, upeo wa kuona ni kilomita 10 au zaidi, mawingu yamefunika sehemu kubwa ya anga kwa futi 1,800 juu ya uwanja, joto ni nyuzi 18, kiwango cha umande ni 14, na shinikizo ni 1023. Baada ya kusoma, huja tafsiri: upepo huo unapendelea njia ya 07, na wingu la chini la asubuhi ya Nairobi mara nyingi huinuka jua likipanda. Taarifa hizi hupatikana bure kwenye simu. Anayesoma moja kila asubuhi, kisha akatoka nje kuangalia anga la Kawangware na kulinganisha, hupata mazoezi ambayo kitabu hakiwezi kumpa.

Jopo pia hutarajia mwombaji azijue ajali za eneo lake, kwa sababu ya mafunzo yanayotokana nazo. Tarehe 5 Juni 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare na watu wote 10 wakafa. Hapo huulizwa kuhusu kimo cha chini cha usalama juu ya milima. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 ya abiria na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na wawili waliokuwa ndani ya Cessna wakapoteza maisha. Hapo mazungumzo huelekea kwenye redio na macho ya kuangaza nje.

Hata hivyo, sehemu inayowaangusha wengi ni ile ya kushirikiana na rubani mwenzake. Swali huja hivi: wewe ni rubani msaidizi, mnashuka Mara, wingu limefunika uwanja, na kapteni anasema atashuka kidogo tu aone. Utafanya nini? Kijana aliyelelewa kutomjibu mkubwa hubabaika hapa. Heshima hiyo ni jambo jema, na haina haja ya kuachwa mlangoni. Inachohitaji ni maneno yaliyo tayari. Kwanza huuliza: “Kapteni, kimo chetu cha mwisho ni kipi?” Kisha hutaja hatari: “Tumefikia kiwango na uwanja hauonekani.” Halafu hupendekeza: “Nashauri tupande, turudi Wilson.” Asiposikilizwa na hatari ikawa dhahiri, husema kwa sauti kuwa wanapanda, na kuchukua hatua ambayo taratibu za kampuni zinamruhusu.

Uzito wa swali hilo unajulikana vyema Kenya. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507 ilianguka muda mfupi baada ya kupaa kutoka Douala, Kamerun, usiku wa mvua, na watu wote 114 wakafariki. Ripoti ya uchunguzi ilionyesha kwamba ndege ilikuwa ikiinamia kulia polepole bila marubani kutambua, na ikataja uratibu hafifu kati yao. Ulimwenguni, mafunzo ya ushirikiano wa marubani yalishika kasi baada ya ndege mbili kubwa kugongana Tenerife tarehe 27 Machi 1977 na kuua watu 583. Huko, shaka ya fundi wa ndani ya ndege haikumzuia kapteni wake kuendelea kupaa. Maneno ya kumwambia kapteni hujengwa kwa kuyatamka. Wenzake wawili kwenye viti vya plastiki, mmoja akiwa kapteni mkaidi, wakiwa na bango la chumba cha rubani ukutani, wanaweza kurudia zoezi hilo hadi ulimi uzoee.

Mazoezi ya bango husaidia pia kwa simuleta. Mkaguzi hatazamii ustadi wa kapteni wa miaka 20. Huangalia kama mwombaji anashika kimo na mwelekeo, anafuata orodha ya ukaguzi, anasema anachofanya, na kama, akielekezwa kosa, analirekebisha mara ya pili. Injini ikizimwa, mpangilio ni ule ule: kwanza ndege iruke, pili ielekezwe, tatu ndipo mnara uambiwe.

Kuhusu lugha, kiwango cha 4 kati ya 6 cha Kiingereza cha anga ndicho cha chini kinachokubalika kimataifa. Lafudhi ya mtaa si kosa mradi maneno yaeleweke. Anwani ya Kibera kwenye wasifu nayo haina haja ya kufichwa. Anayejificha hutumia akili yake kulinda siri badala ya kujibu swali.

Siku yenyewe, anayetoka Gatwekera, Kibera, wakati wa mvua za Aprili huvaa gumboti hadi lami na kubeba viatu vilivyong'arishwa kwenye mfuko. Anayetoka Kawangware huhesabu msongamano wa Ngong Road na kutoka mapema.

Anayekubaliwa hutia saini mkataba, mara nyingi wenye kifungo cha kuitumikia kampuni kwa muda fulani kufidia gharama za mafunzo, na masharti yake husomwa kabla ya kalamu kushikwa. Baadaye hujifunza aina ya ndege ya kampuni darasani na kwenye simuleta, kisha huruka na abiria akiwa chini ya kapteni mkufunzi, hadi apite ukaguzi wa njiani na kupangiwa zamu yake mwenyewe kama rubani msaidizi.