Sauti Iliyofichwa Nyuma ya Boney M.

Wapenzi wengi wa disko waliocheza "Daddy Cool" mwaka 1976 waliamini kuwa sauti nzito ya kiume humo ni ya Bobby Farrell, mcheza dansi kutoka Aruba. Haikuwa yake. Iliimbwa studioni na Frank Farian, mtayarishaji wa Kijerumani aliyezaliwa kwa jina la Franz Reuther.

Farian alirekodi wimbo "Baby Do You Wanna Bump" na kuutoa mwaka 1975 kwa jina la bandia, Boney M., alilolitoa katika tamthilia ya upelelezi ya televisheni ya Australia. Wimbo ulipopendwa, zikahitajika sura za kuonekana jukwaani. Liz Mitchell na Marcia Barrett, wazaliwa wa Jamaica, waliimba kweli kwenye santuri. Maizie Williams na Farrell hawakusikika humo, ingawa jalada liliwaonyesha wote wanne.

Baadaye Farian mwenyewe alikiri, na umma haukukasirika sana. Mwaka 1990 kundi lake jingine, Milli Vanilli, lilipokonywa tuzo ya Grammy kwa mtindo huo huo.

Farrell alifariki dunia Desemba 2010 mjini St Petersburg, Urusi, alikokwenda kutumbuiza nyimbo za Boney M.